Namna ya Kuandaa Hati ya Haki, Wajibu na Heshima katika Shule ya Msingi

Shule nyingi za msingi zina karatasi ya kanuni iliyobandikwa ukutani, na karatasi hizo hufanana: usichelewe, usipige kelele, usipigane, waheshimu walimu. Zinamweleza mtoto asifanye nini, lakini hazimwelezi anastahili nini, wala aende kwa nani pale anapodhulumiwa. Maelezo yanayofuata yameandaliwa kwa ajili ya walimu wakuu, walimu wa darasa na wajumbe wa kamati za shule wanaotaka kuiandika upya karatasi hiyo, iwe hati yenye haki, wajibu na mwenendo wa heshima kwa pamoja. Kazi ikishamalizika, shule iwe na vitu vitatu: karatasi moja ya ukutani ambayo mtoto anayeanza kusoma anaweza kuielewa, kitini kifupi cha wazazi na wafanyakazi, na utaratibu wa kupokea malalamiko unaojulikana na kila mtu.

Kabla ya kuandika lolote, mwalimu mkuu asome upya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa tarehe 20 Novemba 1989 na kuanza kutumika tarehe 2 Septemba 1990, ambao umeridhiwa na karibu nchi zote duniani. Hahitaji kuusoma wote kwa siku moja. Ibara zinazoigusa shule moja kwa moja ni ya 2 kuhusu kutobaguliwa, ya 12 kuhusu kusikilizwa, ya 16 kuhusu faragha, ya 19 kuhusu kulindwa dhidi ya ukatili, ya 23 kuhusu watoto wenye ulemavu, ya 28 na ya 29 kuhusu elimu, na ya 31 kuhusu mapumziko na michezo. Kisha asome sheria ya elimu na sheria ya mtoto ya nchi yake, kwa kuwa kanuni ya shule haiwezi kuruhusu jambo ambalo sheria imelikataza.

Hatua ya kwanza: tenganisha haki na ruhusa

Hapa ndipo hati nyingi zinapoharibika, kwa hiyo inafaa kutumia muda mrefu kuliko inavyodhaniwa. Walimu wakae pamoja, waorodheshe mambo yote ambayo mwanafunzi huyapata shuleni, kisha wajiulize swali moja kwa kila jambo: je, mtoto aliyekosea jana bado anastahili kulipata leo? Jibu likiwa ndiyo, hiyo ni haki. Jibu likiwa si lazima, hiyo ni ruhusa, ambayo shule inaweza kuitoa, kuiahirisha au kuiondoa kwa sababu inayoeleweka.

Kwa kipimo hicho, kufundishwa ni haki, na vivyo hivyo kunywa maji, kwenda msalani, kula wakati wa kula, kuhudumiwa anapoumia, kuitwa kwa jina lake, kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa na kuwa salama tangu anapoingia hadi anapotoka. Kuwa kiranja, kukaa karibu na rafiki, kuiwakilisha shule kwenye mashindano au kuazima mpira baada ya vipindi ni ruhusa. Mjadala mkali kwa kawaida huwa juu ya mapumziko, kwa sababu kumzuia mtoto asitoke kucheza ndiyo adhabu iliyo karibu zaidi na mkono wa mwalimu. Ibara ya 31 inayataja mapumziko na michezo kuwa haki, na hata bila ibara hiyo, mtoto aliyeshindwa kutulia kipindi cha asubuhi ndiye anayehitaji zaidi kukimbia uwanjani.

Katika hatua hii utasikika pia msemo kwamba hakuna haki bila wajibu. Usiingize msemo huo katika hati. Mtoto akiambiwa kwamba haki zake ni malipo ya tabia njema, yule anayesumbua zaidi, ambaye mara nyingi ndiye mwenye shida kubwa zaidi nyumbani au darasani, atakuwa wa kwanza kupoteza ulinzi. Hata Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao katika ibara yake ya 31 unautaja wazi wajibu wa mtoto kulingana na umri na uwezo wake, hausemi popote kwamba asiyeutimiza hupoteza haki. Wajibu wa mwanafunzi una chimbuko lingine, nalo ni kwamba mwenzake aliyekaa naye dawati moja ana haki zilezile.

Hatua ya pili: wasikilize wanafunzi kwanza

Hati iliyoandikwa na watu wazima peke yao hujibu matatizo ya watu wazima, yaani kelele, uchafu na uchelewaji. Watoto wana orodha yao. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inampa mtoto anayeweza kuwa na maoni yake haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na Kamati ya Haki za Mtoto, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachofuatilia utekelezaji wa mkataba huo, katika Maoni yake ya Jumla Na. 12 ya mwaka 2009, ilieleza kwamba mkataba hauweki umri wa chini wa kusikilizwa. Kwa hiyo darasa la kwanza nalo lishirikishwe, ila kwa njia inayolifaa.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni ramani. Chora mpango wa shule kwenye karatasi kubwa, uonyeshe madarasa, uwanja, vyoo, lango, jiko na njia za kupita, kisha uwape watoto kalamu za rangi mbili ili waweke alama mahali wanapojisikia salama na mahali wanapoogopa. Wadogo watachora; wakubwa waandike pia sababu. Alama za hofu zikirundikana mahali pamoja, iwe ni nyuma ya jengo, karibu na vyoo au kwenye njia ya kutokea, utajua kanuni gani inahitajika na pia mwalimu wa zamu asimame wapi, jambo ambalo kanuni peke yake haiwezi kulitatua.

Fanya zoezi hili katika vikundi vidogo, na lisisimamiwe na mwalimu wa darasa husika, kwa maana mtoto hawezi kusema anamwogopa mtu aliyesimama mbele yake. Wapo pia watakaonyamaza: mgeni asiyeimudu bado lugha ya darasa, mtoto kiziwi, mwenye kigugumizi, mwenye haya. Hao watafutiwe njia yao, kama kuchora, kumwambia mtu mmoja wanayemwamini, au kuandika kikaratasi kisicho na jina.

Hatua ya tatu: andika kwa safu tatu

Chukua karatasi uigawe katika safu tatu. Ya kwanza ni haki ya mwanafunzi, ya pili ni wajibu wa mwanafunzi kwa wenzake, na ya tatu ni wajibu wa shule. Safu ya tatu ndiyo inayosahaulika, na bila hiyo hati yote inageuka kuwa ahadi zisizo na mtoaji. Haki saba au nane zinatosha. Zikizidi hapo mtoto hatazikumbuka, na mwalimu naye hatazikumbuka.

Mifano michache itaonyesha namna safu hizo zinavyosomwa pamoja. Haki: «Nina haki ya kujifunza.» Wajibu wa mwanafunzi: «Ninawaacha wenzangu wajifunze, na ninajitahidi katika kazi yangu.» Wajibu wa shule: mwalimu anafika darasani kwa wakati, anafundisha, na anamsaidia anayebaki nyuma bila kumdhihaki. Haki: «Nina haki ya kuwa salama.» Wajibu wa mwanafunzi: «Simpigi mtu, simtishi, na nikiona mwenzangu anaumizwa ninamwita mtu mzima.» Wajibu wa shule: sehemu zote zina msimamizi wakati wa mapumziko, na hakuna mtu mzima anayempiga mtoto. Haki: «Nina haki ya kuwa na mambo yangu ya siri.» Wajibu wa mwanafunzi: «Sifungui mfuko wa mwenzangu, wala sisambazi picha au habari zake.» Wajibu wa shule: matokeo ya mtihani, hali ya afya na habari za familia havisomwi mbele ya darasa.

Mfano huo wa mwisho utawashtua baadhi ya walimu, kwa kuwa kusoma alama kwa sauti, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, ni mazoea ya siku nyingi. Inafaa washtuke sasa, wakati wa kuandika, kuliko kuisaini hati kisha kuivunja wiki inayofuata.

Tumia nafsi ya kwanza katika safu za mwanafunzi, sentensi fupi, na kila inapowezekana useme jambo la kufanywa badala ya jambo la kukatazwa. «Ninatembea kwenye varanda» inaeleweka upesi kuliko «ni marufuku kukimbia ovyo», maana mtoto anajua afanye nini na miguu yake. Makatazo machache yabaki pale ambapo hakuna namna nyingine, kama vile kupiga na kuleta silaha. Mwishoni msomee mtoto wa darasa la kwanza na umwombe aeleze kwa maneno yake. Sentensi atakayoshindwa kuieleza iandikwe upya.

Hatua ya nne: geuza heshima kuwa matendo

Kumwambia mtoto «uwe na heshima» hakumfundishi kitu kama hajaonyeshwa heshima ina sura gani. Andikeni matendo yanayoonekana kwa macho: kumwita mwenzako kwa jina lake wala si kwa jina la utani asilolipenda, kungoja aliyeanza kusema amalize, kubisha hodi kabla ya kuingia, kuomba kabla ya kuchukua, kurudisha kitu kama kilivyokuwa, kusema «sikubaliani na wazo hilo» badala ya «wewe mjinga». Kisha andikeni yanayomhusu mtu mzima: kumsalimu mtoto na kuitikia salamu yake, kumrekebisha kando pasipo hadhara, kutotaja kabila, dini, umaskini, umbo au ulemavu wake katika kumkemea, na kumwomba radhi pale mwalimu alipokosea.

Shule nyingi huchanganya heshima na woga, na kosa hilo lina gharama. Darasa lililonyamaza kabisa mwalimu anapoingia linaweza kuwa na heshima au linaweza kuwa na hofu. Ili kujua, angalia kama watoto huuliza maswali. Wasiouliza wamejifunza kwamba kunyamaza ndiko salama, na watanyamaza vilevile watakapofanyiwa jambo baya. Kuna pia alama ambazo watu huzisoma tofauti. Mtoto anayeinamisha macho anaposemeshwa huenda amefundishwa kwao kwamba hiyo ndiyo adabu, ilhali mwalimu anadhani ni kiburi au dalili ya kosa. Kanuni isilazimishe mtoto kutazama machoni, wala isimlazimishe kuinamisha.

Matendo haya hufundishwa kwa mazoezi, hasa katika wiki za mwanzo wa mwaka. Maigizo mafupi yanatosha: wawili wanagombea bembea, mmoja anamcheka mwenzake aliyekosea kusoma, mgeni anafika na hakuna anayecheza naye. Wape watoto maneno tayari ya kutumia, kama «acha, sipendi», «naomba zamu yangu» na «twende tukamwambie mwalimu», wayarudie mpaka yatoke bila kufikiri, kwa sababu mtoto aliyetishwa hapati nafasi ya kutunga sentensi.

Hatua ya tano: weka njia ya kulalamika

Ikiwa muda wa shule unatosha kwa hatua moja tu, iwe hii. Haki isiyo na mahali pa kuidai inabaki kuwa pambo la ukuta.

Anza kwa kuteua angalau watu wazima wawili wa kupokea malalamiko, mwanamke na mwanamume, mbali na mwalimu wa darasa, na picha zao ziwekwe mahali watoto wanapopita. Wawili wanahitajika kwa sababu siku moja lalamiko litamhusu mmoja wao. Kwa lalamiko linalomhusu mwalimu mkuu, kitini cha wazazi kitaje ofisi iliyo nje ya shule inayoweza kupokea. Sanduku la maoni lina faida, mradi lifunguliwe kwa siku inayojulikana na watu wawili kwa pamoja; sanduku ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mmoja, tena yule anayelalamikiwa, ni hatari kuliko kutokuwa na sanduku.

Mtoto anapokuja kusema, mpokeaji afuate mpangilio huu. Amsikilize bila kumkatiza. Aulize maswali yaliyo wazi, kama «ikawaje baadaye?», na asimwekee maneno mdomoni. Aandike katika daftari la malalamiko kwa maneno ya mtoto mwenyewe, pamoja na tarehe. Asimwahidi kwamba hatamwambia mtu yeyote, kwa sababu huenda akalazimika kusema. Amweleze badala yake kwamba wataambiwa wale tu wanaohitajika ili kumsaidia. Mwisho amwambie nini kitafanyika na lini atapewa jibu. Jibu la kwanza litolewe siku hiyohiyo, hata kama ni kumjulisha tu kwamba jambo lake limeanza kushughulikiwa, na mtoto asiadhibiwe kwa kulalamika hata pale lalamiko lisipothibitika.

Mpokeaji anatakiwa kutofautisha ugomvi na uonevu. Mtafiti Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza jambo hili nchini Sweden katika miaka ya 1970 na baadaye akaandaa mpango wa kuzuia uonevu katika shule za Norway, aliueleza uonevu kwa alama tatu: nia ya kuumiza, kurudiwarudiwa, na nguvu zisizolingana kati ya wahusika. Watoto wawili wa rika moja waliogombana mara moja kwa sababu ya mpira wanaweza kukalishwa pamoja wapatanishwe. Mtoto anayeonewa kila siku na mkubwa wake, au na kundi, asikalishwe mbele yao akalazimishwa kupeana nao mikono. Upatanisho wa namna hiyo humwambia mwonevu kwamba jambo limekwisha, na humwambia aliyeonewa kwamba hakuna atakayemlinda. Huyo alindwe kwanza, waonevu washughulikiwe kando, na wazazi wa pande zote waitwe kwa nyakati tofauti.

Yapo malalamiko ambayo shule haina mamlaka ya kuyachunguza yenyewe, sembuse kuyamaliza kimyakimya kwa mazungumzo ya ofisini: unyanyasaji wa kingono, kipigo kilichoacha majeraha, dalili kwamba mtoto anaumizwa nyumbani. Kazi ya shule hapo ni kumweka mtoto salama, kuandika alichosema na kutoa taarifa mara moja kwa mamlaka za ulinzi wa mtoto au polisi, kwa kufuata sheria ya nchi. Kumhoji mtoto mara tatu kabla ya kutoa taarifa humuumiza upya na huweza kuharibu ushahidi.

Hatua ya sita: amua nini hufuata kosa

Ibara ya 28 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inataka nidhamu ya shule iendeshwe kwa namna inayolinda utu wa mtoto, na Maoni ya Jumla Na. 8 ya Kamati ya Haki za Mtoto, ya mwaka 2006, yalisema wazi kwamba adhabu ya viboko na adhabu nyingine za kudhalilisha haziendani na mkataba. Wanaotetea fimbo hupenda kukumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi. Lakini methali hiyo inahusu kuwahi, haikusema chombo cha kukunjia. Piga marufuku katika hati, kwa maneno bayana, kumpiga mtoto, kumpigisha magoti, kumfungia, kumnyima chakula, kumtukana na kuadhibu darasa zima kwa kosa la mmoja.

Ukishaondoa hayo, lazima uweke kitu mahali pake, la sivyo mwalimu mwenye wanafunzi wengi na sauti iliyokauka atarudi alikozoea. Kwa kosa la kawaida, maswali manne yanatosha: nini kimetokea, nani ameumia, utatengenezaje, na utafanya nini tofauti kesho. Linalofuata kosa lihusiane na kosa lenyewe: aliyechafua asafishe, aliyeharibu asaidie kutengeneza, aliyepoteza muda wa wenzake amalize kazi yake katika muda uliopangwa bila kuliwa mapumziko yote. Liwe na mwisho unaojulikana, na likishaisha lisitajwe tena. Kosa likijirudia, mwalimu atafute chanzo kabla ya kuongeza uzito. Mtoto asiyeona ubaoni, asiyesikia vizuri, mwenye njaa au mwenye ulemavu usioonekana mara nyingi huitwa mtundu. Kumsimamisha masomo kuwe njia ya mwisho, kwa siku zilizotajwa, baada ya mtoto na mzazi kusikilizwa, na kazi za darasa zimfuate.

Shule inayotaka kuwashirikisha wanafunzi katika uamuzi inaweza kujifunza kutoka kwa Janusz Korczak, daktari na mlezi aliyeendesha kituo cha watoto yatima mjini Warsaw tangu mwaka 1912. Alianzisha mahakama ambamo watoto wenyewe walikuwa waamuzi, na vifungu vingi vya mwanzo vya kanuni zake vilihusu kusamehe. Watu wazima nao walishtakiwa humo, Korczak mwenyewe akiwamo. Si lazima kuiga yote, na kesi nzito hazifai kabisa kupelekwa mbele ya watoto. Lakini baraza la wanafunzi linaweza kupewa migogoro midogo ya uwanjani, chini ya uangalizi wa mwalimu asiyependa kuingilia kila neno.

Hatua ya saba: itangaze, kisha ipitie kila mwaka

Kutangaza si kazi ngumu. Karatasi ibandikwe kila darasa kwa urefu wa macho ya mtoto, isomwe paredi, ifafanuliwe katika mkutano wa wazazi kwa lugha wanayoielewa. Wapishi, walinzi, madereva na walimu wa muda wapewe kitini na maelezo sawa na walimu wengine, kwa sababu nao hukutana na watoto kila siku, mara nyingi mahali ambapo mwalimu hayupo.

Mwisho wa mwaka, kamati ndogo yenye walimu, wazazi na wanafunzi ipitie daftari la malalamiko, majina yakiwa yamefichwa, na irudie zoezi la ramani ili kulinganisha alama mpya na zile za mwanzo. Itazame pia ni watoto gani wanaoadhibiwa zaidi. Ikiwa ni wavulana tu, au wa darasa moja, au wa jamii moja, tatizo huenda liko upande wa watu wazima. Daftari lililo tupu kwa mwaka mzima lisipokelewe kwa furaha. Katika shule yenye mamia ya watoto, utupu huo kwa kawaida una maana kwamba njia ya kulalamika haijulikani au haiaminiki, na kamati irudi hatua ya tano, ianze kwa kuwauliza watoto wa darasa la pili wataje majina ya wale watu wazima wawili.